Walikuwa Wamehama

Tulikuwa stejini Muthurwa, magharibi ikiingia, ile saa ambayo Nairobi nzima inataka kufika nyumbani na hakuna gari linalosonga. Matatu yetu ilikuwa haijajaa. Mvulana mmoja akaja dirishani kwangu. Alikuwa na miaka kumi, labda kumi na miwili. Njaa huwafanya watoto hawa wasikadirike. Alikuwa amevuta mkono wa sweta ukafunika kiganja, na ndani yake ameshika chupa ya gundi, mdomo wa chupa ukichungulia karibu na pua. Sweta lenyewe lilikuwa la shule. Beji ilikuwa imeng'olewa, nyuzi zimebaki zikining'inia.

Makanga akamfokea: "Wewe, si urudi kwenu!"

Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, mpaka nimeacha kuyasikia. Lakini mtoto huyu alimjibu, tena bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa.

"Nilienda. Walikuwa wamehama."

Matatu ikajaa, tukaondoka.

Nimekaa na jibu hilo wiki nyingi sasa. Limenifuata jikoni, limenifuata kanisani, limeniamsha usiku. Nimejaribu kulielewa kama kisa cha familia moja: kodi ya chumba imeshinda mama, mwenye nyumba ameng'oa mlango, wamebeba vyombo usiku, na mtoto aliyekuwa ametoroka hakuachiwa ujumbe. Yawezekana ni hivyo tu. Lakini kila nikilichunguza naona halikuanza na kodi ya mwezi mmoja.

## Nyumba ya pili

Amri ya makanga ndiyo amri ya karibu kila Mkenya mbele ya chokoraa. Mhubiri huisema kwa upole, kanjo, askari wa jiji, huisema kwa rungu. Sote tunaamini kwamba kila mtu katika nchi hii ana kwao, mahali penye shamba, kaburi la babu na mtu wa kukufungulia mlango. Kwa hiyo mtoto aliye barabarani tunamchukulia kama mtu aliyekataa kwenda.

Nilianza kuwauliza watu wanaoishi karibu na watoto hawa: mama anayeuza chai karibu na soko, mwalimu mstaafu, rafiki yangu ambaye kazi yake ni kuzifuatilia familia za mitaani. Rafiki yangu aliniambia jambo lililobadilisha mawazo yangu yote. Alisema mtoto hatoki nyumbani akaingia barabarani moja kwa moja. Mambo yanapoharibika nyumbani, baba akipiga, mama akiugua, chakula kikikosekana, mtoto kwanza hutafuta nyumba ya pili. Huenda kwa nyanya. Huenda kwa mjomba, kwa shangazi, kwa mama mdogo. Wengine hujaribu kwa jirani au kwa mzazi wa rafiki. Barabara ni pale anapokosa nyumba ya pili.

Wazee wetu walilijua hili bila kufundishwa na yeyote. Ndiyo maana wengi wetu tumelelewa miaka fulani kwa ndugu wa baba au wa mama, na hakuna aliyetuita yatima wala mtoto wa mtaani.

Basi swali likawa: nani aliibomoa nyumba ya pili?

## Mji wa mwanamume mmoja

Nyuma ya soko la Muthurwa kuna nyumba za zamani za reli, zile tunazoziita landhi. Nairobi yenyewe ilizaliwa na reli mwaka 1899, kambi ya mafundi kwenye tambarare ya maji. Serikali ya kikoloni haikuujenga mji ule ili Mwafrika aishi humo. Ilitaka aje, afanye kazi, arudi rizavu, yaani eneo la mashambani lililotengewa kabila lake. Kodi ya kibanda, iliyoanza 1901, ilimlazimisha mwanamume kutafuta pesa taslimu. Kipande, kitambulisho cha lazima cha mfanyakazi Mwafrika, kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilimfuata shingoni ndani ya kikasha cha bati. Chumba alichopewa kilikuwa cha kitanda tu. Mke na watoto wabaki na shamba, nalo shamba liwalishe, ili mwajiri asilazimike kulipa mshahara wa kulisha familia.

Sitii chumvi. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe ya kuchunguza mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mishahara ilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja, na kwamba wengi hata hicho hawakukipata.

Nilikutana na mzee mmoja aliyekulia kwenye landhi hizo, baba yake akiwa kibarua wa reli. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye kigoda, akaanza kuzungumza kabla sijamaliza kujieleza.

"Binti, chumba kilikuwa cha baba na wenzake. Mimi na mama tulikuja kutembea mwaka ambao mahindi yalikataa. Tukakaa. Mama alinifundisha, mtu wa ukaguzi akiuliza, niseme nimekuja jana."

"Mlikaa muda gani, mzee?"

"Miaka minne. Miaka minne nilikuwa nimekuja jana."

Alicheka, kisha akanyamaza kidogo. Akaniambia kwamba wenzake wengine hawakuwa na baba wa kuwaficha. Walilala nyuma ya jiko la hoteli na kwenye mabehewa. Waliokamatwa walichapwa viboko au walipakiwa kwenye treni kurudishwa rizavu. Wengi walikuwa mjini tena kabla ya mwezi kwisha.

Kumbukumbu za kikoloni zinasema hivyo hivyo. Sheria ya uzururaji ilikuwapo tangu mwanzoni mwa utawala ule, na katika miaka ya 1920 na 1930 wavulana walikuwa wakizungushwa kati ya Nairobi na rizavu kwa namna hiyo. Aliyewarudisha hakuuliza kama huko walikorudishwa kulikuwa na chakula. Aliuliza kabila na lokesheni, yaani kata anakotoka, akaandika.

## Kijiji cha handaki

Cucu wangu, yaani nyanya yangu, ni wa Murang'a. Hakupenda kuzungumzia Hali ya Hatari, lakini alikuwa na desturi moja: kila alipopika aliacha chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria na kukifunika. Tulidhani ni cha mgeni. Nilikuwa mtu mzima aliponiambia ni cha kaka yake.

Hali ya Hatari ilitangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952, katika vita vyake na Mau Mau. Mwezi Aprili 1954 jeshi liliizunguka Nairobi katika msako mkubwa ulioitwa Anvil, na zaidi ya watu 20,000, Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawekwa kizuizini. Mwaka huo huo watu wakaanza kuondolewa kwenye vilima vyao na kusukumwa ndani ya vijiji vya lazima. Hadi mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vimezungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na saa za kutoka zikipangwa na askari.

Cucu alikuwa msichana mkubwa. Baba yao alikuwa kizuizini. Mama yao alichukuliwa kila asubuhi kwenda kuchimba handaki na kurudi jioni. Kaka yake, aliyekuwa na umri wa kuchunga mbuzi lakini hakuna mbuzi tena wa kuchunga, alitoka siku moja na wanawake waliopewa ruhusa ya kwenda shambani. Hakurudi nao. Baadaye walisikia yuko Thika, kisha Nairobi, analala karibu na soko. Walipomwona tena, Kenya ilikuwa imepata uhuru.

Nilimwuliza kwa nini hakwenda kwa mjomba wake. Cucu alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto.

"Mjomba alikuwa kwenye kijiji kingine. Nani angemfungulia lango?"

Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi nyumba ya pili inavyoweza kubomolewa bila mtu yeyote kuacha kumpenda mtoto. Wavulana wa aina hii walikuwa wengi mno hata serikali ikawafungulia kambi yao Wamumu, kule Mwea. Baadaye, mwaka 1959, Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha shule ya Starehe, Nairobi, kwenye vibanda viwili vya mabati. Leo tunaitaja Starehe kwa matokeo ya mtihani, na tumesahau kwamba ilianza kwa kuwapa makao wavulana walioachwa barabarani na vita vile.

## Jina moja kwenye hati

Wakoloni wakaondoka. Hapa ndipo nilipotarajia hadithi igeuke, na ndipo ninapopata uchungu zaidi, kwa sababu mambo mengi tuliyaendeleza wenyewe.

Tayari mwaka 1954 mpango wa kikoloni wa Swynnerton ulikuwa umeanza: ulikusanya vipande vya ardhi na kumpa kila mwenye ardhi hati yake. Mpango wenyewe ulisema wazi kwamba utazaa tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo, na ukaliona hilo kuwa hatua ya kawaida ya maendeleo. Waliokuwa kizuizini mara nyingi hawakuwapo kujitetea mipaka ilipochorwa. Ahoi, watu waliolima ardhi ya wengine kwa ukarimu na makubaliano ya zamani, waligeuka kuwa wavamizi. Uhuru ulipofika, hatukulirudia jambo hilo upya. Tuliendelea kutoa hati, na hati ikawa na jina moja, mara nyingi la mwanamume.

Fikiria maana yake kwa mtoto. Zamani dada akiachika au akizaa nyumbani, alirudi kwa baba yake akapewa kijisehemu cha kulima, na watoto wake wakakua pale. Ardhi ilipokuwa ya ukoo, haki yake ilikuwa ya kuzungumzwa. Ilipokuwa hati ya kaka, ikawa hisani. Na kaka huyo ana wana wanne na ekari moja na nusu. Siwezi kumwita mtu mbaya. Nimeketi kwenye vikao vya familia ambako kila mtu alilia, na bado watoto wa dada wakaondoka.

Kwa hiyo wanawake wengi wakaenda mjini na watoto wao, kwenye mji uliojengwa kwa ajili ya mwanamume mseja. Mitaa ya mabanda kama Mathare na Korogocho haikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Jiji likawabomolea mara kwa mara, na Mei 1990 likabomoa mtaa wa mabanda wa Muoroto, kando ya kituo cha mabasi. Kila bomoabomoa inatawanya majirani, na kwa mtoto wa mjini jirani ndiye shangazi.

## Baba asiyedaiwa

Kuna jambo moja ambalo sikulijua hadi nilipoanza kusoma kwa ajili ya makala haya, na nashangaa halifundishwi shuleni.

Mwaka 1959 Kenya ilipata sheria iliyomruhusu mama wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kumpeleka baba kortini ili achangie malezi. Miaka kumi baadaye, Juni 1969, Bunge la Kenya huru liliifuta. Katika Bunge lile hakukuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Grace Onyango, wa kwanza, aliingia baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka huo. Wabunge walisema sheria ile ni ya kigeni, kwamba wasichana wa mjini wanaitumia kujitajirisha. Sijui msichana yeyote wa Pumwani aliyetajirika kwa posho ya mtoto.

Kwa miongo minne iliyofuata baba wa mtoto wa aina hiyo alikuwa huru kuondoka. Ilibidi tusubiri Katiba ya 2010, ibara ya 53, ndipo iandikwe kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Na baba anapoondoka haondoki peke yake. Anaondoka na nyanya mmoja, na shangazi wote wa upande wake, na mji mzima ambao mtoto angeweza kukimbilia.

Mwaka 1973, miaka minne baada ya sheria ile kufutwa, Padri Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu kwa ajili ya wavulana waliowaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha katikati ya Nairobi wakitarajia shilingi. Wengi walikuwa wana wa akina mama waliokuwa wakilea peke yao. Sidai kwamba kura ile ndiyo iliyowaleta pale, lakini siwezi kuzisoma tarehe hizo mbili kama vitu visivyojuana.

Miaka ya themanini na tisini naipita haraka, kwa sababu wasomaji wengi wa hapa mliiishi. Karakana za mfumo wa elimu wa 8-4-4 zilizojengwa kwa michango ya wazazi, ada ya hospitali, watoto kufukuzwa shule kila Jumatatu, wafanyakazi kupunguzwa. Kisha Ukimwi, uliotangazwa janga la kitaifa mwaka 1999 wakati tayari tulikuwa tumechoka kuzika. Ugonjwa ule uliwachukua hasa watu wa umri wa kulea: baba, mama, mjomba, shangazi. Nyanya mmoja akabaki na wajukuu saba. Halafu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikaua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu, na miji kama Eldoret na Nakuru ikajaa watoto ambao kwao kulikuwa kumechomwa.

## Shaka yangu

Hapa nilikwama, na nikakaa muda bila kuandika.

Nilijiuliza kama sijamtafutia visingizio baba anayempiga mtoto kwa waya. Mkoloni hakumshika mkono. Rafiki yangu anasema watoto wengi anaokutana nao hawakufukuzwa na njaa tu. Walikimbia kipigo, mara nyingi cha baba wa kambo, mara nyingine cha mama aliyechoka kupita kiasi. Tena idadi kubwa ya watoto maskini wa nchi hii hawajawahi kulala barabarani hata usiku mmoja. Katika ploti moja ya Mathare, mama huyu amewashikilia wanne bila mume wala kazi ya kudumu, na yule wa chumba cha pili mtoto wake yuko Muthurwa. Historia yao ni moja. Inaeleza nini basi?

Nililipeleka swali hili kwa mama anayeuza chai, ambaye amewalisha watoto hawa kwa miaka mingi na anawajua kwa majina. Hakufikiria sana. "Huyo aliyewashikilia, muulize anaosha nguo za nani."

Nikamuuliza. Ana dada yake ploti ya tatu. Ana mwajiri anayemkopesha akikwama. Ana mwalimu wa shule ya msingi anayempigia simu mtoto asipofika. Watu watatu. Mwenzake wa chumba cha pili alihamia pale baada ya kubomolewa kwingine, hana ndugu mjini, na nyumbani kwao kaka ameuza shamba.

Hilo halimwondolei mtu yeyote lawama ya kipigo. Lakini watoto hupigwa katika nyumba za matajiri pia, hukimbia, na jioni hupatikana kwa nyanya, Karen au Nyeri. Ukatili uko kila mahali. Tofauti ni idadi ya milango iliyobaki baada ya ule wa kwanza kufungwa, na idadi hiyo ina historia: kodi ya kibanda, handaki, hati, kura ya 1969.

## Kurudishwa tena

Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997. Mazoea hayakufutwa. Februari 2019 watoto na vijana wa mitaani wa mji wa Nakuru walibebwa usiku wakatupwa karibu na msitu wa Chemususu, Baringo, kwenye baridi. Nilipoisoma habari ile upya nilimkumbuka mzee wa landhi na treni zake. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyejisumbua hata kuandika lokesheni.

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa Nairobi. Mfuko wa kuwasaidia upo tangu 2003, mwaka ule ule elimu ya msingi ilipofanywa bila ada na zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka madarasani. Sitaki kudharau mambo haya. Najua vijana waliotoka barabarani kwa sababu ya darasa lile.

Lakini sasa kuna mkakati mpya wa kitaifa, wa 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia. Ninauunga mkono, na unanitia hofu. Mtoto anahitaji watu wake kuliko anavyohitaji bweni, hilo silibishi. Hofu yangu ni kwamba kurudisha ndilo jambo ambalo dola yetu imelifanya kwa zaidi ya miaka mia moja, na mara nyingi limeishia kwenye nauli. Kaunti itahesabu waliorudishwa. Je, itahesabu waliokuwa bado nyumbani baada ya mwaka? Je, kuna bajeti ya anayepokea?

Rafiki yangu alinipeleka Kayole kuonana na mama mmoja aliyempokea mtoto wa dada yake, kijana wa miaka kumi na mitatu, baada ya miaka kadhaa ya barabara. Chumba ni kimoja, pazia limekigawa, na ana watoto wake watatu. Alitukaribisha chai, akatwambia kijana anashinda vizuri ila usiku hawezi kulala akiwa ndani, huamka na kuketi mlangoni. Hakulalamika. Afisa wa watoto alimtembelea mara moja, siku ya kumleta, akamtilia sahihi fomu.

Nilimwuliza angeomba nini kama angeulizwa. Alikuwa tayari amehesabu: godoro la pili, sare ya shule, na namba ya simu ya mtu atakayeipokea usiku kijana akitoka asirudi. Godoro lilinunuliwa na akina mama wa jumuiya yake kanisani. Sare anailipa kidogo kidogo kwa fundi wa hapo mtaani. Namba bado hajapewa.